Sonata Ilikuwa ya Bridgetower: Nani Hufanya Kazi, Nani Huandikwa Jina

Kuna kazi moja ya vayolini na piano ambayo dunia nzima huiita Kreutzer. Beethoven aliimaliza 1803. Rodolphe Kreutzer, mwenye hilo jina, alikuwa mpiga vayolini maarufu wa Paris, na hakuwahi kuipiga mbele ya watu. Mtu aliyeipiga mara ya kwanza kabisa, Beethoven mwenyewe akiwa kwenye piano, alikuwa kijana mweusi wa miaka 24 anayeitwa George Bridgetower. Yeye ndiye aliyetungiwa. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi. Halafu likatolewa.

Najua wengi wenu mkiona maneno "vayolini na piano" kidole kinaanza kuskroli. Mnafikiria ukumbi wa baridi, watu wamevaa suti, hakuna anayethubutu kukohoa. Ngojeni kidogo. Hii stori inahusu kitu mnakijua vizuri. Kama umewahi kumtengenezea msee biti na video ikatoka bila jina lako, ama umepiga picha ikazunguka mtandaoni na hakuna anayejua ni yako, wewe na Bridgetower mko darasa moja.

Hoja yangu ni hii. Sonata ya vayolini na piano ni kazi ya watu wawili, lakini historia imezoea kuweka jina la mmoja. Tukifuatilia majina yaliyopotea, tunajifunza kitu ambacho kelele za mtandaoni hazitufundishi: mara nyingi mtu hafutwi kwa sababu ya chuki. Anafutwa kwa sababu hayuko kwenye mipango ya mtu mwingine.

Kwanza, nani alikuwa bosi?

Leo ukiona bango la konsati kama hiyo, jina la mpiga vayolini ndilo kubwa. Anasimama mbele, gauni linang'aa ama suti imenyooka. Mpiga piano ameketi nyuma yake, na watu wengine bado humwita "msindikizaji", kama vile amemleta tu mwenzake stejini.

Kumbe zamani ilikuwa kinyume. Miaka ya 1700, sonata nyingi za aina hii zilichapishwa kama kazi za piano "zikisindikizwa na vayolini". Piano ndiyo ilibeba mzigo, vayolini ikapamba. Muziki huo ulipigwa sana majumbani, na mara nyingi aliyekuwa kwenye piano alikuwa msichana ama mama wa nyumba hiyo.

Baadaye kumbi zikawa kubwa, tiketi zikaanza kuuzwa, na wapiga vayolini kama Paganini wakawa masupastaa wa Ulaya. Macho yote yakahamia kwa yule aliyesimama. Lakini watunzi wenyewe hawakubadilika haraka hivyo. Brahms alipochapisha sonata yake ya kwanza ya aina hii, aliandika "kwa piano na vayolini". César Franck naye akafanya vivyo hivyo. Piano inatajwa kwanza. Sisi ndio tulipindua mpangilio, kwa sababu tulifuata macho badala ya masikio.

Kijana wa Biała Podlaska

Turudi kwa Bridgetower. Alizaliwa 1778 huko Biała Podlaska, Poland. Mama yake alikuwa Mzungu. Baba yake alikuwa mtu mweusi, inasemekana alitoka Barbados, na alifanya kazi kwa ukoo wa Esterházy, matajiri haohao waliomwajiri Haydn. Baba alijua soko. Alimtangaza mtoto wake kama mwana wa mfalme wa Afrika, kwa sababu alijua Wazungu wa wakati huo wangelipa ili kuona kitu kama hicho.

Aprili 1789 kijana akapiga Paris, akiwa na miaka 10 tu. Miezi 3 baadaye Mapinduzi ya Ufaransa yakaanza. Baba na mwana wakaenda Uingereza, na huko Prince wa Wales, yule aliyekuja kuwa Mfalme George IV, akampenda kijana huyu hadi akamchukua chini ya ulinzi wake. Bridgetower alikulia hapo, akisoma na kupiga kwenye orkestra ya Prince.

1802 aliomba ruhusa kwenda Dresden kumwona mama yake. Kutoka hapo akasonga hadi Vienna, na mwaka uliofuata watu wakamtambulisha kwa Beethoven.

Fikiria Beethoven wa wakati huo. Ana miaka 32. Masikio yanaanza kumtoka. Oktoba 1802 alikuwa ameandikia ndugu zake barua ya huzuni sana, barua ambayo hakuwahi kuituma, akieleza jinsi uziwi ulivyomfanya awakimbie watu. Halafu anakuja huyu jamaa, ana nguvu, anapiga vayolini kama moto. Wakaelewana mara moja. Beethoven akaamua kumwandikia sonata.

Mambo yakachacha kwa sababu ya muda. Beethoven alichukua sehemu ya mwisho ya sonata nyingine aliyokuwa ametunga 1802, akaitumia kama mwisho wa hii mpya, halafu akaanza kukimbizana na sehemu mbili za mbele. Asubuhi moja saa kumi na nusu, akamwita mwanafunzi wake Ferdinand Ries aje anakili sehemu ya vayolini haraka. Sehemu ya pili haikuwahi kunakiliwa. Bridgetower aliisoma moja kwa moja kutoka kwa mwandiko wa Beethoven, na mwandiko wa Beethoven ulikuwa maarufu kwa ubaya.

Konsati ilikuwa 24 Mei 1803, kwenye ukumbi wa bustani ya Augarten, saa mbili asubuhi. Ndiyo, asubuhi. Karatasi za piano zilikuwa na nafasi tupu nyingi, kwa hivyo Beethoven alipiga mengi kutoka kichwani.

Hapo ndipo kitu kikatokea. Mwanzoni mwa ile sehemu ya kasi, piano ina mahali inaachiwa ikimbie peke yake, juu na chini. Waliporudia, Bridgetower naye akajibu kwa vayolini yake, akakimbia vilevile, bila kuandikiwa. Bridgetower mwenyewe aliandika baadaye kwamba Beethoven aliruka kutoka kitini, akamkumbatia, akamwomba arudie. Beethoven akampa pia chuma chake cha kupimia sauti za ala. Chuma hicho kiko London hadi leo, katika Maktaba ya Uingereza.

Kwenye karatasi yake Beethoven aliandika kwa mzaha kwamba sonata hii ni ya Bridgetower, akitumia neno la zamani la kuwaita watu wa damu mchanganyiko, neno ambalo leo ni tusi. Pia alimwita kichaa mkubwa. Ulikuwa utani wa marafiki, lakini tusiufunike: hata rafiki aliyemkumbatia alimtaja kwanza kwa rangi yake.

Jina lilipoteaje?

Stori inayosambaa zaidi ni ya msichana. Mpiga vayolini mmoja aliyemjua Bridgetower akiwa mzee alisimulia kwamba hao wawili waligombana juu ya mwanamke, na Beethoven kwa hasira akafuta jina. Ni stori tamu. Inafaa kwa video ya sekunde 60. Inawezekana ni kweli. Lakini ni kumbukumbu ya mzee, iliyosimuliwa miaka mingi baadaye, kupitia mdomo wa mtu mwingine.

Kuna sababu nyingine, na hii ina ushahidi wa karibu zaidi. Mwaka huohuo wa 1803 Beethoven alikuwa anapanga kuhamia Paris. Barua za Ries kwa mchapishaji zinaonyesha kwamba Beethoven alitaka sonata hii iwe na majina ya wanamuziki wakubwa wa Paris, akiwemo Kreutzer. Kreutzer alikuwa amepita Vienna 1798, na Beethoven alimpenda kwa unyenyekevu wake. Kutolea mtu kazi kwa jina wakati huo kulikuwa biashara, kitu kama kolabo ya leo. Unaweka jina la mtu atakayekufungulia mlango.

Bridgetower alikuwa rafiki mzuri na mpigaji hatari. Lakini alikuwa ameshaondoka Vienna, na hakuwa na mlango wowote wa kufungua Paris. Sonata ikachapishwa 1805 na jina la Kreutzer juu yake. Beethoven mwenyewe hakuwahi kuhamia Paris. Na Kreutzer? Mtunzi Berlioz aliandika baadaye kwamba Kreutzer aliona kazi hiyo haieleweki kabisa.

Hebu tulia hapo kidogo. Mpango ulifeli. Aliyepewa zawadi hakuitaka. Na bado jina lilikwama. Mwaka 1889 Tolstoy akaandika hadithi yenye jina hilo. 1923 Janáček akatunga muziki kutokana na hadithi hiyo. Kosa dogo la kibiashara la 1805 likaendelea kuzaa watoto, na kila mtoto alibeba jina la Kreutzer.

Bridgetower hakufa kwa huzuni barabarani, kama ambavyo tungependa kusimulia ili tuumie vizuri. Alirudi Uingereza, 1807 akaingia kwenye chama cha wanamuziki, 1811 akapata digrii ya muziki Cambridge. Alifariki London 1860. Alikuwa na maisha yake. Kilichopotea kilikuwa nafasi yake kwenye kumbukumbu yetu, na hasara hiyo ni yetu zaidi kuliko yake.

Clara, aliyefutwa na aliyefuta

Msifikirie hii ni stori ya rangi peke yake. Miaka 50 baadaye, huko Düsseldorf, kulikuwa na nyumba ya akina Schumann. Robert alikuwa mtunzi. Clara, mke wake, alikuwa mmoja wa wapiga piano wakubwa zaidi Ulaya, staa tangu utotoni. Walizaa watoto 8.

Robert aliandika sonata mbili za vayolini na piano mwaka 1851. Nani alizipeleka kwa watu? Clara. Ya kwanza aliipiga Leipzig 1852 pamoja na Ferdinand David, na ya pili Oktoba 1853 pamoja na kijana Joseph Joachim. Mwezi huohuo Robert, Brahms na Albert Dietrich walimtungia Joachim sonata ya pamoja kama surprise, kila mtu sehemu yake, halafu wakamwambia akisie nani ameandika nini. Aliyeketi kwenye piano siku hiyo ni Clara.

Na Clara alikuwa mtunzi pia. 1853 aliandika vipande vitatu vitamu vya vayolini na piano, akampa Joachim. Lakini 1839, akiwa na miaka 20, alikuwa ameshaandika kwenye shajara yake kwamba mwanamke hafai kutamani kutunga, kwa sababu hakuna aliyewahi kufaulu. Hakuna aliyemkataza siku hiyo kwa fimbo. Aliangalia nyuma, hakuona majina ya wanawake, akahesabu kwamba haiwezekani. Huo ndio ubaya wa jina kufutwa: anayekuja nyuma anadhani barabara haipo.

Lakini Clara hakuwa malaika wa stori hii. Februari 1854 Robert alijitupa mtoni Rhine, akaokolewa, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na akafia huko 1856. Clara akabaki na watoto na karatasi zote. Akaendelea kupiga konsati ili kulisha familia, na karibu aache kutunga kabisa. Kazi za mwisho za mume wake zilimtia wasiwasi, aliogopa zingeonyesha ugonjwa wake. Pamoja na Joachim na Brahms, konserto ya vayolini ya Robert ikawekwa kando. Haikusikika hadharani hadi 1937. Sonata yake ya tatu haikuchapishwa hadi 1956. Na 1893 Clara alichoma moto vipande vya selo ambavyo Robert alikuwa ameandika 1853.

Simhukumu. Alikuwa analinda jina la mtu aliyempenda. Lakini tukubali ukweli: mtu aliyenyimwa nafasi anaweza naye kushika kifutio. Kuumizwa hakukupi kinga ya kuumiza.

Kwenye giza, Brussels

Sasa mwaka 1886. César Franck, mzee wa miaka 63, anamtungia mpiga vayolini Eugène Ysaÿe sonata kama zawadi ya harusi. Siku ya harusi yenyewe, Ysaÿe na mpiga piano aliyekuwa miongoni mwa wageni wakafanya mazoezi ya haraka, wakaipigia wageni. Mpiga piano huyo alikuwa Léontine Bordes-Pène.

Desemba 16 mwaka huo wakaipiga Brussels, kwenye jumba la makumbusho ya picha. Konsati ilikuwa ndefu, na Desemba huko giza huingia mapema. Sheria za jumba zilikataza kuwasha taa karibu na michoro. Vincent d'Indy, mwanafunzi wa Franck, alisimulia kwamba baada ya sehemu ya kwanza karatasi hazikuonekana tena, na wawili hao wakaendelea gizani, kutoka kichwani, hadi mwisho.

Sehemu ya mwisho ya sonata hiyo ina siri nzuri. Piano inaanza wimbo, halafu vayolini inaurudia nyuma yake, kama mtu anayefuata nyayo za mwenzake. Gizani, Bordes-Pène ndiye aliyeongoza njia. Leo kila mpenzi wa muziki huu anamjua Ysaÿe. Jaribu kuuliza wangapi wanamjua aliyekuwa mbele yake.

Jina bila pesa

Kuna wale watasema, "Jina ni kiburi tu, mradi upate pesa." Wacha niwaletee Samuel Coleridge-Taylor. Alizaliwa London 1875, baba yake daktari kutoka Sierra Leone. Aliingia chuo cha muziki cha kifalme kama mpiga vayolini, na kati ya kazi zake kuna sonata ya vayolini na piano.

1898, akiwa na miaka 23, alitoa kazi ya kwaya na orkestra kuhusu harusi ya Hiawatha. Ilimpa jina kubwa, Uingereza na Marekani. Lakini alikuwa ameuza haki zote kwa mchapishaji kwa gini 15, mara moja, basi. Iliendelea kuuzwa na yeye hakupata kitu cha ziada. Alifariki 1912 kwa nimonia, akiwa na miaka 37. Miaka 2 baadaye, 1914, watunzi na wachapishaji Uingereza wakaanzisha chama cha kukusanya malipo ya muziki unaopigwa hadharani. Sonata yake ikachapishwa 1917, mwenyewe akiwa kaburini.

Kwa hivyo jina bila mkataba ni njaa yenye makofi. Na mkataba bila jina, kama Bridgetower angelipwa vizuri asiandikwe, ungewaacha watoto wa baadaye wakidhani watu kama wao hawakuwepo. Vyote viwili vinahitajika.

"Lakini Beethoven ndiye alitunga!"

Najua hii itakuja, na ni hoja ya haki. Noti ni za Beethoven. Bridgetower hakutunga ile sonata, na sitadai hivyo ili nipate likes. Mtunzi alikuwa na haki ya kumpa amtakaye zawadi yake.

Ila kuna tofauti kati ya kumnyang'anya mtunzi kazi yake na kusema ukweli wote kuhusu kazi ilivyozaliwa. Beethoven aliandika kwenye ukurasa wa kwanza kwamba sonata hii iko karibu kama konserto, vayolini na piano zikishindana kama wenye nguvu sawa. Aliandika hivyo kwa sababu alikuwa na mtu fulani mbele yake aliyeweza kushindana. Bila mkono wa Bridgetower, huenda kazi ingekuwa ndogo zaidi. Kusema hivyo hakumpunguzii Beethoven hata chembe.

Na hapa nyumbani, mabishano kuhusu nani hasa alitunga Malaika yamedumu miaka mingi, na wimbo umeshazunguka dunia. Tunajua uchungu huu. Kwa nini basi tukisikia ni muziki wa Ulaya tunasema hautuhusu? Kuna watoto Korogocho, kwenye mradi wa Ghetto Classics, wanaoshika vayolini kila wiki. Mtoto kama huyo akiambiwa ameshika chombo cha wenyewe, anadanganywa. Mwaka 1803 mojawapo ya kazi ngumu za chombo hicho iliandikwa kwa ajili ya mikono ya mtu mweusi.

Kwa hivyo fanya hivi wiki hii. Tafuta hiyo sonata, weka earphones. Inaanza na vayolini peke yake, bila msaada, halafu piano inajibu. Ngoja hadi kasi iingie. Ukisikia vidole vikikimbia peke yao juu na chini, hapo ndipo jamaa aliamua kujibu bila ruhusa na Beethoven akaruka kitini.

Na ukimaliza, rudi kwa ile kazi uliyoposti juzi. Nani alishika kamera? Nani alikupangia sauti? Andika majina yao leo, ukiwa bado unayakumbuka. Beethoven pia alikumbuka, kwa muda.